Kiwango ni kwa ajili ya Tunduma

Watu wa makao makuu hawaelewi kwa nini nakomalia kompyuta zote za kampuni ziwe za aina moja. Wao mashine ikigoma wananiita kwa jina, natoka mezani kwangu, nafika, naangalia, nachomoa kebo na kuichomeka tena, na chai ya mtu bado ina moto. Kwa uzoefu wao fundi ni mtu anayekuja. Akija anaona mwenyewe kilichopo, kwa hiyo kilichopo kikiwa Dell, kikiwa HP, kikiwa kitu kilichookotwa Kariakoo, shida iko wapi?

Shida iko Tunduma. Kutoka ofisini kwetu Kurasini hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na ofisi yetu ya huko ni chumba kimoja chenye vijana wawili, printa, na dirisha linalotazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Sisi ni mawakala wa forodha. Mzigo wa mtu wa Lubumbashi ukishatoka bandarini, nyaraka zake zinapita mikononi mwa vijana wale, na mashine yao ikigoma mimi ni sauti tu kwenye simu. Sauti haichomoi kebo. Msaada pekee ninaoweza kumpa kijana wa Tunduma unatokana na picha ya mashine yake iliyomo kichwani mwangu, na picha hiyo huwa ya kweli pale tu mashine yake inapofanana na hii iliyo mbele yangu.

Kila msimu wa bajeti kuna mtu huniuliza hivi viwango vyako vina faida gani, nami humjibu kwamba tutaokoa fedha, kwa sababu ndilo jibu ambalo uhasibu wanalielewa. Ni kweli tunaokoa. Lakini nimechoka kulitoa jibu hilo peke yake, maana linaficha jambo kubwa zaidi: bila kiwango, huduma ya kompyuta ni mali ya wale walio karibu na fundi. Bosi anaipata, mhasibu anaipata, na mtu wa mpakani anaambiwa "zima, washa, halafu unipigie".

Nilipoanza kazi hapa kila tawi lilikuwa linajinunulia. Meneja akipewa fedha anaingia dukani, anachagua kinachompendeza, risiti ya EFD inafika Dar, imekwisha hiyo. Tunduma walinunua walichokikuta. Rusumo walipata laptopu zilizotumika kutoka Ulaya, imara kabisa, bei nzuri, na kibodi za Kifaransa.

Kama hujawahi kukutana na kibodi ya Kifaransa, shukuru. Pale tulipozoea kuiona Q wao wameweka A, na A yetu kwao ni Q. Z na W zimebadilishana nafasi. M imehamia kando ya L, na tarakimu za mstari wa juu hazitoki mpaka ubonyeze shifti. Sasa Windows ya mashine ile ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, maana aliyeiweka hakujali kilichochapwa juu ya vitufe. Kwa hiyo dada wa Rusumo akibonyeza kitufe kilichoandikwa A, mashine inaandika Q. Kwenye barua angeliona na kulizoea. Kwenye nywila haoni kitu, anaona vidoti tu. "Kaka, nimeandika kama ulivyoniambia." Na kweli alikuwa ameandika nilivyomwambia! Mimi nikashuku mtandao, yeye akanishuku mimi, mpaka nilipomwomba aiandike nywila ile kwenye Notepad kisha anisomee kilichotokea, siyo alichobonyeza. Tukacheka wote wawili, lakini mteja wake aliyekuwa amesimama kaunta hakucheka.

Chaja nazo. Dell walikuwa na ncha ya duara yenye sindano katikati, na hao hao Dell wana duara nene na duara jembamba. HP ncha ya buluu. Lenovo kwa miaka mingi ncha ya mstatili. Kijana akisahau chaja nyumba ya wageni Mbeya, hana wa kumwazima. Umoja wa Ulaya umelimaliza hili kwa sheria: simu zinazouzwa huko lazima zichajiwe kwa USB-C tangu 28 Desemba 2024, na laptopu kuanzia 28 Aprili 2026. Huku kwetu hakuna aliyetunga sheria ya namna hiyo, lakini tutaifaidi vilevile, kwa sababu sioni kiwanda kikijisumbua kutengeneza tundu la peke yake kwa ajili ya Tanzania. Mimi sikusubiri. Agizo letu lilipoandikwa upya niliweka USB-C kuwa sharti, na mtu wa manunuzi akaniuliza kama nimeanza kula kamisheni ya waya.

Tona, yaani wino wa unga wa printa, ilinikera kuliko chaja, kwa kuwa tona ni fedha iliyolala kabatini. Stoo yetu ilikuwa na 12A, 85A, 05A, 83A na 26A. Anayejua anajua: 12A ni ya akina LaserJet 1020, 85A ya P1102, 26A ya M402. Kwa asiyejua, zote ni maboksi ya HP yenye namba pembeni. Ikafika siku tukawa na 12A za kutupeleka mbali sana, na printa ya mwisho iliyokuwa inazitumia imeshakufa. Huku Kasumulu wanachapisha nyaraka za wateja steshenari ya ng'ambo ya barabara, wanalipia kila karatasi, na wanaleta madai ya kurudishiwa fedha kwenye bahasha. Leo tuna printa za aina mbili tu kampuni nzima. Tona inayokwenda Tanga ndiyo inayokwenda Namanga. Sina la kusimulia zaidi juu ya tona.

Vyuma, hata hivyo, ni sehemu nyepesi. Ukipata fedha na sahihi unavibadilisha. Kazi ilikuwa kwenye majina na tarehe, vitu ambavyo havinunuliwi.

Windows ukiiacha ijibatize yenyewe hujiita DESKTOP, kistari, halafu herufi na tarakimu saba zisizo na maana. Mashine nyingi zetu ziliachwa hivyo. Nyingine ziliitwa User-PC, moja iliitwa HP tu, na kaseva kadogo ka Tanga kalikuwa na jina la mtoto wa meneja aliyekwisha kuacha kazi. Siku mashine moja ilipoanza kumwaga virusi kwenye mtandao, nilikuwa naiona waziwazi kwenye skrini yangu, najua inachofanya, ila sijui iko mkoa gani. Ilibidi nipige simu tawi baada ya tawi nikiwaomba watu wafungue mahali ambapo jina la kompyuta huonekana, na nusu yao walinisomea jina la Wi-Fi.

Nililiona jambo la ajabu, kwa sababu kampuni yetu inaishi kwa makontena, na kontena ndilo kitu chenye jina safi kuliko vyote ninavyovijua. Herufi tatu za mwenye mali, herufi ya nne ambayo kwa makontena ya kawaida ni U, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho ya kujihakiki. Kiwango chake, kutoka shirika la viwango la kimataifa, ni ISO 6346. Ile tarakimu ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Chukua CSQU3054383, namba ambayo hutumiwa sana kufundishia. Kila herufi ina thamani yake, A ikianzia 10, na njiani wanaruka 11, 22 na 33. Alama ya kwanza inazidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, unaongeza maradufu hivyohivyo mpaka ya kumi kwa 512. Jumla ni 6,185. Gawanya kwa 11, inabaki 3, na 3 ndiyo tarakimu ya mwisho pale. Karani akikosea tarakimu moja, karibu kila mara hesabu inakataa palepale kabla mtu hajatuma lori kuchukua mzigo usio wetu. Namba hiyo inasomeka vilevile Dar, Durban na Rotterdam. Hakuna anayempigia mwenzake kumuuliza habari za "lile la bluu la juzi".

Hata laptopu zetu zenyewe, zile nilizokuwa nazilalamikia kwa kutofanana, zikipita forodhani zote ni 8471.30. Tarakimu hizo sita ni zilezile katika nchi zote zinazofuata HS, mfumo wa dunia wa kuainisha bidhaa forodhani, ulioanza kutumika 1988, na sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaongeza mbili zetu mwishoni. Yaani makarani wetu walikuwa wakifuata viwango vya dunia mchana kutwa kwa mizigo ya watu wengine, kisha wanahifadhi kazi yao kwenye folda inayoitwa "Mpya mpya 2" ndani ya mashine inayoitwa HP.

Sasa mashine ya pili ya nyaraka Tunduma inaitwa TDM-NYR-02, na jina hilo limebandikwa kwenye kona ya juu kushoto ya kifuniko. Mtu akinipigia, swali langu la kwanza ni "kibandiko kinasemaje?" Akinisomea tu, najua ana Windows gani, kumbukumbu kiasi gani, printa gani imeunganishwa, na soketi yake iko kwenye UPS, ile betri ya akiba, au haiko. Jina la mtu sikuliweka kokote. Watu huhama, huolewa, hugombana na bosi. Mashine inabaki pale pale.

Tarehe ndizo zilizotutoa fedha mfukoni.

Windows mpya ikiwekwa kwa Kiingereza cha Marekani, mwezi hutangulia siku. Sisi siku hutangulia mwezi. Karani akiandika 06/07 akimaanisha tarehe 6 Julai, Excel ya mashine ile inaipokea kwa adabu zote na kuitunza kama 7 Juni. Akiandika 13/07, haina mwezi wa 13, kwa hiyo inaiacha kama maandishi ya kawaida, imeegemea kushoto. Hapo ndipo penye sumu. Kama zingeharibika zote ungeshtuka siku hiyohiyo. Zinaharibika za mwanzoni mwa mwezi peke yake, zile ambazo siku yake inaweza kupita kwa mwezi, na zilizobaki unazisoma vizuri tu. Sisi tulikuwa na jedwali la kufuatilia siku za bure za makontena bandarini, likihamishwa kutoka mashine hadi mashine kwa barua pepe. Likapangwa kwa tarehe. Kontena moja lililotakiwa kutoka wiki ileile likajikuta limerudi mwezi uliopita, katikati ya yaliyokwisha kufungwa, na hakuna aliyeliangalia mpaka mwenye mzigo alipouliza. Tozo ya hifadhi ikalipwa na kampuni, maana mteja hakuwa na kosa. Wakubwa walitaka jina la karani wa kulaumiwa. Nikawaonyesha mashine mbili, nikaandika tarehe moja kwenye zote mbili mbele yao, nikawaachia waangalie.

Dawa yake ni ya zamani, ISO 8601, iliyotolewa 1988: mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo, 2023-07-06. Macho hayaipendi mwanzoni. Lakini hakuna anayeweza kuisoma kwa namna mbili, na faili ukiziita kwa tarehe hiyo zinajipanga zenyewe bila kuamrishwa.

Halafu saa. Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa sijawahi kuona kitabu cha mifumo kinachotuandalia shida hii. Kijana wa mpakani anatuma ujumbe wa WhatsApp: "Gari limevuka saa 4." Dar, anayejaza ripoti anaandika 04:00, kwa sababu ndivyo kisanduku kinavyotaka. Wote wawili ni Waswahili, wote wanajua saa nne ni nini, na wote wawili hawakukosea kwa namna yao. Gari lilivuka saa nne asubuhi, yaani 10:00 ya mashine. Au je, ilikuwa saa nne usiku? Ripoti haisemi. Juu ya hapo Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo lori linatoka Tunduma 10:00, linagongewa muhuri Nakonde 09:20, na mteja anayesoma ripoti anatuandikia kuuliza mzigo wake umefikaje kabla ya kuondoka. Tulikuwa na magari ya miujiza.

Kuna aliyependekeza tuwaagize vijana waanze kusema saa kwa Kizungu. Nilikataa kabisa. Mtu amekulia anahesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, umwambie abadilishe kinywa chake ili kisanduku cha Excel kiridhike? Mtasababisha makosa mapya juu ya yale ya zamani. Tulichofanya ni kuweka kanuni kwenye fomu peke yake: saa 24, saa za Dar es Salaam, tarakimu nne, na ukivuka mpaka bado unaandika saa za Dar. Ukiongea kwenye simu sema saa nne, sema saa nne kasoro, sema "jua limepanda", shauri yako. Kwenye fomu ni 10:00.

Nimekuja kuamini kwamba watu hugomea viwango kwa sababu wenye kuviweka huwa hawajui pa kuishia. Wanaanza na chaja, wanamalizia kwenye picha ya nyuma ya skrini. Mimi sijali una picha ya nani kwenye skrini yako. Sijali unapanga vipi alama zako za deskitopu, ingawa za mhasibu wetu msaidizi zinanitisha. Kiwango changu kinahusu mahali ambapo kazi yako inaondoka kwako na kuingia kwa mwingine: jina la faili, tarehe, namba ya simu, tundu la chaja. Kabla ya hapo ni nyumbani kwako.

Namba za simu nimezitaja, basi nizimalize. Anayetumia Excel Tanzania anajua ukiandika 0754 na zinazofuata, sifuri ya mbele inamezwa. Ukianza na 255 zinakuwa tarakimu kumi na mbili na Excel inakuonyesha kitu kama 2.55E+11, na kontrolo namba ya serikali, ambayo nayo ni tarakimu kumi na mbili, inapata aibu hiyohiyo. Tusijione tumeonewa: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina kadhaa, MARCH1 ikawa MARCHF1, sababu mojawapo ikiwa Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe za Machi. Wanasayansi wamehamisha majina ya jeni, sisi tumehamisha safu mbili za jedwali kuwa za maandishi na kufunga kiolezo kisibadilishwe. Bei yetu ni nafuu.

Na kwa kuwa nimeitaja kontrolo namba, niseme kwamba ndiyo mfano ninaoutumia kwa wakubwa wasiopenda mambo ya ISO. Mfumo wa serikali wa kupokea malipo, GePG, ulipoanza 2017, malipo ya taasisi za umma yalianza kuingia kwenye mtindo mmoja: unapewa namba, unalipa benki au kwa simu, na aliyekupa namba anaona umelipa. Huulizi leo ni akaunti ya benki gani, huchukui pay-in slipu kupeleka dirishani. Makarani wetu waliokuwa wakishinda foleni za benki wanalijua hilo kuliko mimi. Hakuna aliyelalamika kwamba amenyimwa uhuru wa kulipa kwa namna yake.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu, na aliyeniletea ni mkaguzi wetu wa ndani, mama mmoja makini asiyependa maneno mengi. Aliniuliza: vitu vyote vikiwa sawa, si vitaugua siku moja vyote?

Vitaugua. Tarehe 19 Julai 2024, siku ya Ijumaa, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro kwa wateja wake wa Windows. Waliliondoa baada ya dakika 78. Kwa makadirio ya Microsoft, mashine milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka, na kuziinua ilibidi mara nyingi mtu afike kwenye kila mashine, aiwashe kwa hali ya usalama, afute faili. Zilizofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, zilidai ufunguo wa tarakimu 48 kwanza. Ndege zilibaki chini, hospitali ziliahirisha kazi. Hayo ni matunda ya kufanana.

Na kwa sisi wa mizigo kuna kisa cha karibu zaidi. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya, kilichoanzia kwenye programu ya kihasibu inayotumiwa Ukraine, kiliingia Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena, na kupita kwenye mtandao wao wa dunia nzima kama moto wa nyika. Mwenyekiti wao alieleza baadaye kwamba walilazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi. Zile seva zinazotunza orodha ya watumiaji wote na haki zao zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, kila moja nakala ya mwenzake, na kwa hiyo zote zilifutika pamoja. Isipokuwa moja, Ghana. Kama ilivyoripotiwa, umeme ulikuwa umekatika pale kabla kirusi hakijafika, na seva ikapona kwa kuwa ilikuwa imezimika. Mtandao wa pale ulikuwa mwembamba mno kuituma data Uingereza, ambako kazi ya kufufua mifumo ilikuwa inafanyika, mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya kwenda huko, ikabidi diski ikabidhiwe Nigeria uwanjani kwa mwenzake aliyeweza kuendelea nayo. Sisi ambao tumelaani mgao wa umeme maisha yetu yote hatuna budi kusoma habari hii mara mbili.

Jibu langu kwa mama mkaguzi halikuwa kurudi kwenye fujo. Fujo nayo inaugua, tofauti ni kwamba inaugua kidogo kidogo kila siku na hakuna anayeihesabu. Maersk walisakinisha mashine 45,000 kwa siku kumi kwa sababu, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanaweka kitu kilekile mara 45,000. Ungenipa mimi kazi hiyo katika kampuni hii kama nilivyoikuta, kila mashine na dreva zake, ningekuwa bado niko Rusumo. Ila hoja yake niliipokea nusu, na nusu hiyo imeingia kwenye kanuni zetu. Nakala moja ya data zetu inakaa kwenye diski iliyochomolewa, haijui mtandao wala nywila ya mtu yeyote. Apdeti zinaanza kwenye mashine chache za Kurasini kabla hazijaenda mipakani. Nikivunja, nivunje palipo na fundi. Na funguo za BitLocker za mashine zote zimechapishwa kwa majina ya vibandiko na kufungiwa kwenye sefu ya uhasibu.

Na kuna kaunta buku la mzee wetu wa nyaraka. Amekuwa bandarini tangu zama ambazo mimi nilikuwa shule ya msingi, na kila kontena linalopita mikononi mwake analiandika kwa kalamu, mistari imenyooka, tarehe kwa mtindo wake mwenyewe. Kuna aliyetaka nilipige marufuku kwa jina la viwango. Nimekataa, tena nimemwomba mzee awe ananiachia nipige picha kurasa zake. Mtandao ukifa, hilo halifi. Isitoshe ukikuta namba yake na namba ya kwenye mfumo hazilingani, dau langu naweka kwa mzee.

Kwa sasa tumo kwenye kuondoa mashine zilizobaki za Windows 10, maana Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho laptopu zetu za zamani hazina. Kazi hii kwa kampuni nyingi ninazozifahamu imeanza kwa kutuma watu mikoani kuhesabu. Kwetu ilianza kwa kuchuja orodha. Ombi la manunuzi nililiandika kwa sentensi tano, modeli moja, na muuzaji akakubali kushusha bei kwa kuwa zilikuwa nyingi za aina moja. Uhasibu walifurahi sana, kwa ile sababu yao ileile.

Kilichonikwamisha ni mtu mmoja. Bosi wetu wa masoko amerudi safari ya Dubai na laptopu nyembamba inayong'aa, aliyojinunulia mwenyewe, na anataka niiingize kwenye mtandao wa ofisi na kwenye folda za wateja. Nimemwambia, mzee wangu, ni nzuri sana hiyo, karibu Wi-Fi ya wageni. Ameguna, akaniuliza kama najua naongea na nani. Nikaandika kanuni ya ukurasa mmoja: mashine isiyo na kibandiko haigusi folda za kampuni, bila kujali mwenyewe ni nani. Iko mezani kwa mkurugenzi mkuu, haijasainiwa. Sijui nani amewaambia Tunduma, lakini asubuhi hii kijana mmoja amenipigia kuuliza kwa heshima zote kama na yeye anaruhusiwa kuja na ya kwake.